Mwalimu Nyerere na Kipimo cha Mshahara wa Mbunge

Kamati ya gazeti letu imeniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kututoka, nami nimemchagua hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Najua baadhi yenu mtaguna. Maisha yake yamekwisha kuandikwa mara nyingi, na hata mtoto wa shule ya msingi anaijua Butiama. Kwa sababu hiyo sitayasimulia yote. Nitayafuata kwa uzi mmoja tu, uzi ambao sisi watumishi wa serikali tunaushika kila mwisho wa mwezi, na ambao ninyi mnaosoma Ruhuwiko sasa mtaushika punde: mshahara. Hasa nataka kuuliza hivi: mshahara wa mtunga sheria upimwe kwa mshahara wa nani? Maoni yangu nayasema mapema ili nisimfiche msomaji. Naona upimwe kwa mshahara wa mwalimu wa shule ya serikali. Na katika kuyasoma maisha ya Mwalimu nimeona kwamba aliikaribia sana rai hiyo, asiifikie.

Alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mama yake Mgaya. Aliingia shule ya Mwisenge mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, na mwaka 1937 akaenda Shule ya Serikali ya Tabora. Toka huko alikwenda Makerere, Uganda, mwaka 1943, akatoka na stashahada ya ualimu mwaka 1945. Hayo yapite.

Jambo la kwanza la mshahara linaanzia hapo. Kijana huyu alipomaliza Makerere aliitwa na shule mbili, zote za Tabora. Moja ilikuwa ile ile ya Serikali aliyosomea. Nyingine ilikuwa St. Mary's, shule ya misheni ya Mapadre Weupe. Serikali ililipa zaidi, na tena ilikuwa na pensheni. Wakubwa wa serikali walimkumbusha kwa barua kwamba miaka ya kufundisha misheni haitahesabiwa katika pensheni yake. Walidhani hoja hiyo itamvuta. Yeye akawajibu kwamba kama alikuwa na wasiwasi wowote, basi maneno hayo ya pensheni ndiyo yaliyomwondolea, akaenda misheni. Wale tuliojaza fomu za ajira tukitazama kwanza ukurasa wa mafao twaweza kucheka, lakini tutazame jambo hili lilizaa nini baadaye.

Alifundisha St. Mary's mpaka 1949, akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, akarudi mwaka 1952 na shahada ya M.A. Akapata kazi ya kufundisha historia katika shule ya St. Francis, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, nayo pia ya misheni. Januari 1953 alimwoa Maria Gabriel. Miezi michache baadaye akachaguliwa Rais wa Chama cha Waafrika Tanganyika, yaani TAA. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Makarani, waganga wasaidizi na walimu wa shule za serikali waliokuwa uti wa mgongo wa TAA wakafungwa midomo. Nyerere hakufungwa, kwa sababu mwajiri wake hakuwa serikali. Ule mshahara mdogo wa misheni ndio uliomwachia ulimi. Julai 7, 1954, TAA ikageuzwa kuwa TANU, naye akawa Rais wake.

Wakati ule katika Afrika Mashariki jambo la mishahara lilikuwa jambo la rangi waziwazi. Baada ya vita ya pili ya dunia serikali za kikoloni zilifuata kanuni kwamba Mwafrika mwenye elimu na kazi ile ile ya Mzungu apate tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Msomaji ajaribu kuifikiri kanuni hiyo kama mwalimu wa hesabu angeifikiri: sehemu ya tano mbili ya kazi yako inapotea kwa sababu ya ngozi. Wasomi wa enzi hizo, akiwamo hayati Mzee Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Songea yetu, ambaye alikuwa kiongozi wa watumishi wa serikali kisha wa vyama vya wafanyakazi, walikulia siasa katika magomvi ya mishahara. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba walipotwaa nchi, wengi walidhani uhuru maana yake ni kupata zile tano ya tano, pamoja na nyumba na gari la yule Mzungu aliyeondoka. Nyerere naye aliiona hatari hiyo mapema kuliko wenzake wengi.

Machi 1955 alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, wakubwa wa shule walibanwa, naye akatakiwa achague baina ya ualimu na siasa. Akaacha kazi mwezi ule ule. TANU haikuwa na fedha. Akarudi kwao Musoma na mke na mtoto, na kwa muda akapata riziki kwa kumfundisha padre mmoja Mmarekani lugha ya Kizanaki. Nayaandika haya kwa ajili ya wanafunzi wa sasa ambao huenda wanadhani viongozi wale walitoka darasani moja kwa moja mpaka Ikulu. Mwaka 1957 Gavana alimteua kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria; Desemba ya mwaka huo huo akajiuzulu, kwa kuwa aliona amewekwa pale kama pambo. Posho ya ujumbe akaiacha pamoja na kiti. Yapo mabunge machache duniani ambamo mtu amejiuzulu miezi michache tu baada ya kuingia kwa sababu kazi haifanyiki.

Mambo ya 1958 hadi 1962 nayapita haraka, maana kila mmoja wetu aliyakariri kwa ajili ya mtihani: uchaguzi wa kura tatu, Uhuru Desemba 9, 1961, kujiuzulu kwake Uwaziri Mkuu Januari 1962 na kumwachia Kawawa, kisha Jamhuri.

Sasa tufike Oktoba 22, 1966. Serikali ilikuwa imeamua kuwataka wahitimu wa kidato cha sita na vyuo waingie Jeshi la Kujenga Taifa. Baada ya miezi ya kambini wangefanya kazi zao kwa mwaka mmoja na nusu wakipata asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu na vyuo vingine vya Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu wakiwa na joho zao na mabango. Miongoni mwa malalamiko yao lilikuwamo moja lenye mwiba: kwa nini wao wakatwe, na hali viongozi wanalipwa mishahara minono na kupanda magari makubwa? Rais aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akakasirika, na wote waliokuwapo wanasema hawakupata kumwona vile. Aliwafukuza, karibu 400, wakarudishwa makwao chini ya ulinzi wa polisi. Lakini mwiba ule ulimwingia. Aliwaambia kwamba katika jambo la mishahara walikuwa wamesema kweli. Mshahara wake ulikuwa Sh. 5,000 kwa mwezi katika nchi ambayo mtu anayepata Sh. 200 alikuwa amebahatika. Akapiga hesabu pale pale: mtu huyo atahitaji kufanya kazi miaka 25 ili apate anachopata Rais kwa mwaka mmoja. Akaukata mshahara wake kwa asilimia 20, ukawa Sh. 4,000, na mawaziri na wakubwa wa serikali nao wakakatwa.

Hesabu ile ni ya mwalimu. Hakusema mshahara wake ni mkubwa tu. Aliuweka kando ya mshahara wa mtu mwingine na kugawanya. Hapo ndipo naona mzizi wa rai ninayoitetea. Mshahara wa kiongozi hauna maana peke yake. Una maana ukiulizwa ni mara ngapi ya wa nani.

Miezi mitatu na nusu baadaye, Februari 5, 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti yake ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti yaliwabana wabunge, mawaziri, viongozi wa chama, na watumishi wa serikali wa ngazi ya kati na juu. Mwaka 1977, alipoandika tathmini ya miaka kumi ya Azimio, Mwalimu alionyesha kwamba katika utumishi wa umma uwiano wa mshahara wa juu kabisa na wa chini kabisa, baada ya kodi, ulikuwa karibu 50 kwa 1 wakati wa Uhuru, na mwaka 1976 ulikuwa umeshuka mpaka karibu 9 kwa 1. Sijui nchi nyingi za Afrika zinazoweza kuonyesha jambo kama hilo, na mtu anayemlaumu Mwalimu kwa uchumi wake, na yapo ya kulaumu, hana budi kulitaja na hili.

Hata hivyo haki inanitaka niseme na upande wa pili, maana gazeti hili si la kusifu tu. Mara mbili watu waliolichukua neno lake kwa uzito waliadhibiwa chini ya utawala wake.

Ya kwanza ilitokea kwetu. Wazee wa Songea wanaikumbuka Litowa na Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, vijiji vya ujamaa vilivyoanzishwa na vijana wa TANU wenyewe kabla hata ya Azimio, chini ya Ntimbanjayo Millinga na wenzake. Walilima pamoja, wakagawana pamoja, na shule ya Litowa ilikuwa mahali ambapo mwalimu alishika jembe na mwanakijiji alikuwa na sauti katika mafunzo ya mtoto wake. Mwalimu aliipenda Litowa, na mengi aliyoyaandika mwaka 1967 kuhusu elimu ya kujitegemea yalikuwa yamekwisha kuonekana huko. Lakini vijiji vile vilikuwa na desturi ya kuamua mambo yao bila kuwangoja wakubwa wa mkoa. Septemba 1969 TANU ilikivunja chama hicho, na Rais hakuzuia.

Ya pili ni ya wabunge, nayo inahusu moja kwa moja jambo ninaloliandikia. Mwanzoni mwa 1978 mishahara na marupurupu ya wabunge, mawaziri na viongozi wengine yalipandishwa. Machi mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishuka toka Mlimani kuelekea mjini kupinga. Hoja yao safari hii haikuwa ya mifuko yao. Walisema nyongeza ile inapingana na Azimio la Arusha. Polisi waliwazuia kwa nguvu, na zaidi ya wanafunzi 300 wakafukuzwa chuoni, chuo ambacho Mwalimu mwenyewe alikuwa Mkuu wake. Baadaye walisamehewa, wengi wakarudi masomoni. Lakini mishahara haikukatwa safari hii. Mwaka 1966 wanafunzi waliojitetea wenyewe walifukuzwa na mishahara ya wakubwa ikakatwa. Mwaka 1978 wanafunzi waliotetea Azimio walifukuzwa na nyongeza ya wakubwa ikabaki.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Wapo wanaosema Mwalimu alikuwa amechoka, wengine wanasema alikuwa amezungukwa. Mimi naona sababu ni rahisi zaidi. Mwaka 1966 alishusha kilele cha ngazi kwa mkono wake mwenyewe, wala hakukifunga kwa kamba chini ya ngazi. Kupunguza kulitegemea dhamiri ya mtu mmoja aliye juu. Kitu kilichoshushwa kwa dhamiri kinaweza kupandishwa kwa kikao.

Na chini ya ngazi mambo yalikuwa yanakwenda vibaya. Azimio la Musoma la 1974 liliamua kila mtoto aingie shule ya msingi. Uamuzi ule ulikuwa mkubwa na mwema. Wengi wa wazazi wetu huku Ruvuma wasingesoma bila huo. Lakini walimu hawakuwapo, ikabidi makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wafunzwe ualimu vijijini huku wakifundisha. Idadi ya walimu ikaruka na fedha hazikuruka. Kisha yakaja mafuta ghali, vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na bei za miaka ya 1980. Shilingi ya mwalimu ikaisha kabla ya tarehe 10. Miaka ile ndipo mwalimu alipoanza kuuza maandazi na barafu kwa wanafunzi wake mwenyewe, na heshima ya kazi ikaanza kuporomoka. Kiongozi wa nchi aliitwa Mwalimu, na mtoto wa nchi hiyo hiyo akaanza kuomba Mungu asiwe mwalimu. Hata darasani kwetu hapa Ruhuwiko, ulipotajwa ualimu, vicheko vilisikika.

Mwalimu alistaafu Urais Novemba 1985. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, iliyokutana Zanzibar, ililegeza masharti ya uongozi: mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha vikaruhusiwa. Yeye hakufurahi, na alilisema hilo hadharani. Alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama. Nyumba aliyoachwa nayo kule alijengewa na jeshi.

Baada yake yale aliyoyaogopa yalitujia kwa tarakimu. Mwishoni mwa 2011 nchi nzima ilibishana juu ya posho ya kikao ya wabunge kupandishwa kutoka Sh. 70,000 hadi Sh. 200,000 kwa siku. Julai 2012 walimu, kupitia Chama cha Walimu Tanzania, waligoma wakidai nyongeza ya asilimia 100. Mahakama ikaamua mgomo si halali, wakarudi madarasani. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na lao mwaka 2013: Tume ya mishahara ilipanga wabunge wapate kama Sh. 532,000 za Kenya kwa mwezi, wabunge wakadai zile 851,000 walizozipata waliowatangulia, wananchi wakapeleka nguruwe mbele ya Bunge la Nairobi, na mwezi uliofuata walimu wakagoma.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 73, yasema wabunge watalipwa mshahara na posho kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Wao ndio watungao sheria hiyo. Mwalimu wa Namtumbo au Tunduru hana kikao cha namna hiyo. Nchi nyingine zimetafuta kipimo cha nje. Ufaransa, tangu 1958, mshahara wa mbunge hupimwa kwa mishahara ya watumishi wa serikali wa ngazi za juu. Singapore walichagua njia ya kinyume, wakawapima mawaziri wao kwa watu wenye vipato vikubwa zaidi nchini. Kwa hiyo kufunga mshahara wa mtunga sheria kwa wa mtu mwingine si jambo la ajabu. La kujadili ni mtu yupi.

Mimi nasema awe mwalimu wa shule ya serikali, kwa sababu ndiye mtumishi wa umma aliyeko katika kila kijiji. Mbunge wa Songea, wa Nyasa na wa Mkuranga wote wana walimu majimboni mwao. Sheria iseme mshahara wa mbunge, pamoja na posho zote, usizidi mara kadhaa za mshahara wa mwalimu anayeanza kazi. Idadi ya mara hizo ijadiliwe, lakini ikishaandikwa, mbunge atakayetaka nyongeza itambidi kwanza ampandishe mwalimu. Tuchukue mfano wa ile 9 kwa 1 ya 1976. Kima cha chini serikalini kilipanda Julai 2025 kutoka Sh. 370,000 hadi Sh. 500,000. Mara tisa yake ni Sh. 4,500,000. Hesabu hiyo ni ya haraka, haikutazama kodi, lakini inatosha kuanzisha mazungumzo.

Ndugu yangu mmoja tuliyesoma naye, ambaye amewahi kugombea, amenipinga vikali. Anasema mbunge si mtu mmoja: kila asubuhi mlango wake una wagonjwa, wafiwa na wazazi wenye karo, na ukimpunguzia utampunguzia jimbo. Ni kweli. Lakini mlango wa mwalimu wa kijijini nao hauna kufuli. Ndiye anayemlipia mtoto daftari, ndiye anayekopesha nauli ya hospitali. Na kama mbunge anagawa fedha kwa sababu wananchi hawana zahanati wala karo, basi fedha hizo ziandikwe katika bajeti ya zahanati na karo, tujue ni kiasi gani. Hoja yake ya pili ni nzito zaidi: kwamba mshahara mdogo huwaachia Bunge matajiri peke yao, au huwatia wabunge tamaa ya rushwa. Hii sina jibu lake kamili, ila naona kwamba kamba niliyoitaja haimzuii mbunge kulipwa vizuri. Inamzuia kulipwa vizuri peke yake.

Miongoni mwa waliopita Ruhuwiko wamo walimu, na huenda siku moja akapatikana mbunge. Nimeiandika rai hii kwa ajili yao. Wahariri wameniambia toleo lijalo litakuwa na nafasi kwa mwenye kunijibu, hasa walimu wenyewe, ambao mpaka sasa wamesemewa zaidi kuliko walivyosema.